Kuiarifu Kampuni ya Bima Gari Linapobadilishwa: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Kabanga

Gari linalofika Kabanga kutoka bandari ya Dar es Salaam aghalabu halikai muda mrefu katika hali liliyotoka nayo kiwandani, kwa sababu waliolibuni huko Japani walikusudia lipite juu ya lami likiwa na watu wachache na mizigo myepesi, ilhali huku nyanda za juu za Kigoma linangojewa na vumbi jekundu la kiangazi, na tope na makorongo ya mvua zinazoanza kabla ya mwaka kwisha na kuendelea hata mwezi wa Mei, na magunia ya maharage na mikungu ya ndizi inayotakiwa iwahi soko la Kasulu. Lami imefika sehemu kubwa ya njia kuu itokayo Kidahwe, ikapita Kasulu na Kibondo kuelekea Nyakanazi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini njia za vijijini zinazochepuka kutoka hapo ni zile zile walizozijua baba zetu. Basi mwenye gari hulipeleka kwa fundi, springi za nyuma zikaongezwa vipande, gari likanyanyuliwa, tairi zikawekwa zilizo pana, keria ikafungwa juu na ngao ya chuma mbele, viti vikahamishwa au vikazidishwa, na mara nyingine injini nzima ikatolewa na kuwekwa nyingine. Hapana lawama katika hayo. Lawama huanza pale ambapo fundi anajua, jirani anajua, hata abiria wanaongoja usafiri kandokando ya njia wanajua, na asiyejua ni yule mmoja tu aliyelipwa fedha ili abebe hasara ya gari hilo.

Desturi yetu ya kuiona bima kama hirizi ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani ina asili yake katika tarehe ya nchi. Sheria ya kuwalazimisha wenye vyombo vya moto wakate bima, ambayo leo ni Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, tuliirithi kutoka enzi za ukoloni; Shirika la Bima la Taifa likaanzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likabaki peke yake katika kazi hiyo, hata ilipokuja sheria ya mwaka 1996 iliyofungua mlango kwa makampuni mengine. Kwa takriban miaka 30, basi, mtu hakuwa na khiyari ya kampuni wala sababu kubwa ya kuusoma mkataba wake: alilipa, akapewa karatasi ya kubandika kiooni, akaenda zake. Siku hizi karatasi ile imegeuka kuwa kumbukumbu ndani ya mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na askari huitafuta kwa simu. Lakini fikra haijabadilika sana, na wengi bado hudhani kwamba mradi namba ya gari inaonekana katika mfumo, dhamana yao imekamilika. La, haijakamilika. Mfumo unaonyesha kwamba bima imekatwa; hauonyeshi kwamba kampuni italipa.

Yakupasa ujue kwanza unayo bima ya namna gani. Ile inayoitwa bima ndogo, ambayo kwa gari la binafsi imezoeleka kulipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi, inamlinda mtu wa tatu, yaani yule utakayemgonga au utakayemharibia mali, na gari lako mwenyewe halimo. Bima kubwa inaliingiza na gari lako, na ada yake huhesabiwa kwa thamani ya gari. Kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5, kabla ya kodi. Mwenye bima kubwa anaona upesi kwa nini mabadiliko yanahusu kampuni. Mwenye bima ndogo hujiona yu salama, kwa hoja kwamba gari lake si mali iliyokatiwa bima. Lakini gari lililonyanyuliwa bila ustadi na kupinduka juu ya watu, au lililofungwa chuma kali mbele likamgonga mpita njia, limeongeza hatari ya huyo mtu wa tatu, na hiyo ndiyo hatari hasa ambayo kampuni iliipokea. Sheria imemkinga aliyeumia, hata mara nyingi kampuni hulazimika kumlipa kwanza. Baada ya hapo ina njia ya kumgeukia mwenye gari aliyeficha na kumdai ilichotoa. Deni la namna hiyo linaweza kumfilisi mwalimu au muuguzi kwa maisha yake yote.

Kanuni inayomtaka mwenye mali aseme kweli yote, hata asiyoulizwa, ni kongwe kuliko gari lenyewe. Jaji mmoja mashuhuri wa Uingereza, Lord Mansfield, aliieleza mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, iliyohusu ngome moja katika kisiwa cha Sumatra iliyokatiwa bima dhidi ya kutekwa na adui. Alisema kwa muhtasari kwamba mambo yanayopima hatari aghalabu yamo katika maarifa ya mwenye mali peke yake, na mwenye kubeba hatari anayategemea maneno yake. Kwa hiyo anayenyamaza kimya amemdanganya. Ni vyema kukumbuka pia kwamba katika kesi ile ile aliyeshinda alikuwa mwenye bima, kwa kuwa kampuni haina haki ya kulalamikia jambo ambalo ilikwisha lijua au lililokuwa wazi mbele ya macho ya watu wote. Sheria za Uingereza zilizokuwako tarehe 22 Julai 1920 ziliingizwa katika nchi yetu, na kanuni hii iliingia pamoja nazo. Waingereza wenyewe walipunguza ukali wake mwaka 2012 kwa raia wanaokata bima za binafsi, wakasema inatosha mtu ajibu kwa uangalifu maswali anayoulizwa. Wewe uliyeko Kabanga usijifariji kwa sheria ya kwao. Sema hata usiloulizwa.

Hapa kuna tafauti moja ambayo mawakala wachache huieleza. Wajibu wa asili wa kusema ni wa kabla ya kufunga mkataba, na hurudi upya kila mwaka unapohuisha bima, kwa maana kila kuhuisha ni mkataba mpya. Katikati ya mwaka kinachokubana si kanuni ile bali ni masharti yaliyoandikwa katika hati yako, na hati nyingi za magari zina sharti la kuiarifu kampuni kila badiliko linaloongeza hatari. Kwa hiyo usikubali kuondoka na risiti pekee. Dai hati nzima yenye masharti. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, na nyingi ndivyo zilivyo, mwombe wakala akusomee kwa Kiswahili kifungu kinachohusu mabadiliko ya gari na kile kinachohusu matumizi yake.

Nimetaja matumizi, na ningependa tukae hapo kidogo, kwa kuwa kwa uzoefu wa nyanda hizi badiliko kubwa kuliko yote halihitaji spana hata moja. Mtu ananunua Noah au Probox, anaikatia bima ya binafsi, na baada ya miezi michache anaona kwamba kila asubuhi watu wamejaa njiani wakitaka kwenda Kasulu, na kila jioni wamejaa Kasulu wakitaka kurudi. Anamweka kijana wa kuiendesha, anaongeza kiti kimoja nyuma, na gari la nyumbani limekuwa gari la nauli. Pengine halina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Lakini hata likiwa nayo, bima ya binafsi kwa kawaida haigusi kabisa gari linalobeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, mkadiriaji hasara hatauliza habari za rangi wala rimu. Atawauliza abiria kama walilipa nauli, nao watajibu kweli, na hapo jambo limekwisha. Kiti kilichoongezwa ni ushahidi tu wa jambo kubwa zaidi. Gari lako likibadilika matumizi, usiombe nyongeza ya mkataba wa zamani: omba bima ya aina nyingine, ulipe ada yake iliyo kubwa zaidi, na upate leseni inayolingana nayo.

Lipo swali la nusu kwa nusu ambalo Kabanga hulijua zaidi kuliko miji mingi, kwa sababu ya hospitali iliyopo hapa. Jirani anakuja usiku, mkewe ana uchungu, na gari lako ndilo la karibu; unampeleka, na asubuhi anakuletea fedha za mafuta. Je, umebeba abiria wa kulipa? Kwa maoni yangu mtu mwenye insafu hawezi kuliita tendo hilo biashara; lakini mkataba hausomwi kwa maoni yangu wala yako. Uliza kampuni yako kwa maandishi, siku ambayo hakuna mgonjwa wala ajali, kama mchango wa mafuta unahesabiwa kuwa nauli, na uihifadhi barua ya majibu pamoja na kadi ya gari.

Sasa tuje kwenye chuma. Kunyanyua gari na kuongeza springi kunapandisha kitovu cha uzito, hata gari likawa jepesi kupinduka katika kona za milima. Tairi kubwa kuliko zilizokusudiwa zinabadilisha namna breki zinavyoshika na hata kukifanya kipima mwendo kiseme uongo. Springi ngumu zinamshawishi mwenye gari apakie zaidi ya uzito ulioandikwa. Keria ikiwa tupu si neno, lakini ikibeba magunia manne na baiskeli juu yake imeongeza yale yale yaliyofanywa na springi. Ngao ya chuma inamlinda mwenye gari na ng'ombe aliyekatiza njia, nayo inazidisha majeraha ya mwanadamu. Tangi la pili la mafuta ni jambo zito mno, hasa likichomelewa na fundi asiyekuwa na vifaa, na hilo hupaswi kulifanya kabla kampuni haijakubali. Canter au Fuso iliyoongezwa urefu wa bodi, au iliyopandishwa mbao za pembeni ili ibebe zaidi, ni gari jingine kabisa machoni pa bima. Mambo kama redio kubwa, viti vya ngozi na vioo vyeusi hayaongezi hatari ya ajali kwa kiasi cha kutajika. Yanaongeza thamani na tamaa ya wezi, basi yaandike katika mstari mmoja na upite. Na kwa mfumo wa gesi asilia, ambao Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam imekuwa ikiufunga katika magari ya petroli, ukinunua gari lililotumika Dar es Salaam tazama chini ya buti kama mtungi upo: huku Kigoma hutapata gesi ya kuujaza, lakini mtungi ni lazima utajwe.

Injini, rangi na bodi zina hukumu yao pekee, kwa kuwa zimeandikwa katika kadi ya gari. Ukibadilisha lolote kati ya hayo, nenda kwanza Mamlaka ya Mapato, TRA, urekebishe kumbukumbu, halafu upeleke nakala kwa kampuni ya bima. Gari ambalo injini yake ina namba isiyolingana na kadi huleta shaka ya wizi, na ukaguzi wa polisi baada ya ajali hautaiacha tafauti hiyo ipite.

Kuna wanaonyamaza si kwa hila bali kwa kuchelea ada kuongezeka, nami nawaomba wafanye hesabu kabla ya kuogopa. Tuseme gari lako ulilitaja kuwa na thamani ya shilingi milioni 15, na ada kabla ya kodi ikawa shilingi 525,000. Ukalifungia injini nzuri zaidi, tairi mpya, keria na ngao, na thamani yake ya haki ikawa milioni 18. Kwa kiwango kile kile cha asilimia 3.5 ada ingekuwa 630,000, yaani nyongeza ya shilingi 105,000. Mikataba kadhaa ina sharti la uwiano, ambalo maana yake ni kwamba aliyetaja thamani pungufu hulipwa kwa upungufu huo huo. Ajali ikija na matengenezo yakagharimu milioni 6, kampuni italipa 15 kwa 18 ya gharama hizo, yaani milioni 5, na milioni moja itatoka mfukoni mwako, mbali na ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari huibeba kwa vyovyote. Na hapo tumedhania kampuni yenye upole. Kampuni ikithibitisha kwamba ulificha jambo lenye uzito, ina haki ya kuuhesabu mkataba kama haukuwahi kuwako, ikurudishie ada yako, na ikuachie gari lako lilivyo. Ikithibitika ulificha kwa nia ya udanganyifu, hata ada huenda usiione.

Fomu ya maombi ijaze kwa mkono wako, au kama wakala anakujazia, usitie sahihi kabla hujasomewa kila jibu. Ninasisitiza hili kwa sababu ya kesi ya mwaka 1929 iliyofika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza: ndugu wenye basi walimwambia wakala ukweli wote, wakala akaandika mengine katika fomu, wao wakatia sahihi, na mahakama ikaamua kwamba kampuni haifungwi na maneno aliyoambiwa wakala, kwa kuwa alipokuwa anaijaza fomu alikuwa anawaandikia wao. Mwaka 1922 mahakama ya Mabwana wa Bunge la huko ilikwisha amua jambo kali zaidi, kuhusu lori la Glasgow ambalo wenyewe walikosea katika fomu mahali linapolala usiku. Kosa halikuongeza hatari, walakini mkataba ulikuwa umejengwa juu ya usahihi wa majibu yote, ukavunjika. Kwa hiyo ukiulizwa gari linalala wapi, usiandike Kasulu mjini kwa kuwa ndiko iliko ofisi ya wakala, ikiwa linalala Kabanga uani pako.

Barua ya kuarifu haihitaji ufasaha. Yatosha iwe hivi:

Kabanga, tarehe …
Kwa Meneja, Kampuni ya Bima …
Ndugu Meneja,
YAH: MABADILIKO YA GARI NAMBA T …
Gari lililotajwa hapo juu nimelikatia kwenu bima kubwa, hati namba …, inayokwisha tarehe …. Nakusudia kuongeza vipande 2 vya springi kila upande wa nyuma, kulinyanyua sentimita 5, na kufunga keria ya chuma yenye uzito wa kilo 40. Kazi itafanywa na fundi … katika gereji iliyopo …, kwa gharama ya shilingi …. Matumizi ya gari yatabaki kuwa ya binafsi. Naomba mnijulishe kwa maandishi kama mnakubali, kwa masharti gani, na kwa nyongeza gani ya ada. Nimeambatisha picha za gari na makadirio ya fundi.
Wako mtiifu, …

Andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Ikiwa unatuma kwa barua pepe, tunza jibu. Maneno ya mdomo kwa wakala, hata akiwa shemeji yako, hayana mahali pa kuegemea siku ya mgogoro. Fundi akupe risiti, na kama gereji yake haina mashine ya risiti za kodi, akuandikie kwa mkono alichofunga, bei, jina na simu yake. Kisha piga picha kabla ya kazi na baada yake. Kampuni ikikubali itatoa waraka wa nyongeza unaoambatanishwa na hati yako, na mpaka uupate waraka huo usihesabu kwamba umekubaliwa. Huenda ikatuma mkaguzi. Huenda ikakubali springi na kukataa tangi. Huenda ikakataa yote, na hapo utachagua kati ya badiliko na kampuni. Waraka ukitoka, tafuta gari lako katika mfumo wa TIRA uhakikishe kwamba namba ya usajili na muda wa bima ni sawa.

Wanaonunua Land Cruiser zilizotumika na mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi, Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo, wawe na hadhari ya pekee. Magari hayo huja yakiwa na mkonga wa hewa, ngao, mabenchi nyuma, waya za redio ya mawasiliano na mara nyingine tangi la pili, na mnunuzi hudhani kwamba hayo si mabadiliko kwa kuwa hakuyafanya yeye. Kampuni haiulizi nani alifanya. Linalokupasa kulitaja ni lile unalolijua na lile ambalo mtu makini katika nafasi yako angelijua kwa kulitazama gari. Basi mlipe fundi aingie uvunguni akuandikie orodha kabla ya kwenda kukata bima.

Anayevuka mpaka wa Manyovu kwenda Burundi achukue Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imebaki nayo ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo inamlinda mtu wa tatu wa huko, na kulipia matibabu ya dereva na abiria wakiumia, basi. Gari lako halimo mpaka kampuni yako iongeze eneo kwa maandishi. Na kwa kuwa Burundi huendesha kulia, taa za ziada zilizoelekezwa upande usiofaa zitawaumiza macho wanaokuja mbele.

Ikiwa gari lako limekwisha badilishwa na hukusema, sema leo, bila kungoja siku ya kuhuisha. Ikiwa ulisema, ukapata ajali, na kampuni ikakataa kulipa, idai sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko yako pamoja na nakala ya barua yenye muhuri kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wasioweza kumudu gharama za mahakama. Huko swali la kwanza utakaloulizwa ni kama kampuni ilijua. Iandike barua hiyo kabla hujampa fundi ufunguo wa gari.